Maswali ya Wasomaji: Kulisha Wanyamapori Karibu na Nyumba

Barua zinazohusu tumbili, ndege na wanyama wengine wanaoingia katika maeneo ya makazi zimeongezeka mezani kwetu, na nyingi zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: je, kumpa chakula mnyama wa porini aliyefika mwenyewe hadi uani ni kosa, na ikiwa ni kosa, ni nani mwenye mamlaka ya kulitamka kuwa kosa? Tumechagua zile zinazobeba hoja za wenzao, tumezifupisha, na tunazijibu kwa kadiri kila moja inavyohitaji.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama mtu mzima ninayeishi peke yangu. Kila asubuhi kundi la tumbili huja kwenye ukuta ulio nyuma ya nyumba, nami huwapa matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hivi karibuni chama cha wakazi kimebandika tangazo kwamba atakayeonekana akilisha wanyama atatozwa faini. Hawa ni viumbe wa Mwenyezi Mungu, na sioni ubaya wa kumpa mwenye njaa. Je, wana haki ya kunitoza? (Mama mpenda viumbe)

JIBU: Shikamoo mama. Tuanze na haki ya chama, kwa kuwa ndiyo uliyoiulizia. Kanuni za jambo hili huwa na ngazi. Juu kabisa kuna sheria ya nchi inayohusu wanyamapori. Chini yake kuna sheria ndogo za halmashauri au manispaa, ambazo hupata nguvu kutoka kwenye sheria mama. Na chini kabisa kuna kanuni za chama cha wakazi au masharti ya mkataba wa pango. Kwa kawaida kanuni ya chama humbana yule aliyejiunga nacho au aliyetia saini mkataba unaoitaja kanuni hiyo, na faini yake ni deni kati ya mwanachama na chama chake, wala si adhabu ya jinai. Kwa hiyo una haki ya kuomba uoneshwe kanuni iliyopitishwa, kumbukumbu za kikao kilichoipitisha na kifungu kinachoruhusu faini, kwani tangazo la kubandikwa ukutani peke yake halitoshi. Hata hivyo, ulizia pia katika halmashauri yako, kwa sababu pale ambapo sheria ndogo au sheria ya nchi imekwisha kukataza, udhaifu wa tangazo la chama hautakusaidia.

Sheria za namna hiyo zipo, na baadhi ni kali. Nchini Singapore, tangu sheria ya wanyamapori ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2020, kumlisha kwa makusudi mnyamapori yeyote bila idhini ni kosa linaloweza kumgharimu mtu hadi dola 5,000 za nchi hiyo kwa mara ya kwanza, na hadi dola 10,000 akirudia. Hong Kong ilipandisha adhabu yake mwezi Agosti mwaka 2024, ikafikia faini ya juu ya dola 100,000 za huko pamoja na kifungo cha hadi mwaka mmoja, na katazo likawajumuisha pia njiwa wa mitaani. Katika miji yote hiyo miwili majengo ya makazi yamekaribiana sana na misitu yenye kima, na watunga sheria walifikia hatua hiyo baada ya miaka mingi ya kuonya bila kusikilizwa.

Sasa tuje kwenye huruma yako, ambayo tunaiheshimu kwa dhati. Tumbili anayefika ukutani si lazima awe na njaa. Kama mnyama mwingine yeyote, huchagua chakula kinachopatikana kwa jasho dogo, na matunda yako yana sukari nyingi kuliko majani, wadudu na matunda mwitu ambayo angetumia nusu ya siku kuyatafuta. Tatizo linaanzia hapo. Mwanzoni huchukua ulichomtupia, kisha huchukua kutoka mkononi, na hatimaye huanza kuutazama mkono wenyewe. Baada ya muda sauti ya mfuko wa plastiki kwake inakuwa ndiyo ishara ya chakula, naye huufuata mfuko popote anapouona, ingawa aliyeubeba siku hiyo ni mtoto wa jirani ambaye hajawahi kumpa mnyama kitu chochote. Mtoto akimkazia macho na kumchekea, meno yakionekana, tumbili huchukulia kwamba anatishiwa, maana kwa jamii ya kima na nyani kukodoa macho na kuonesha meno ni lugha ya ugomvi. Jeraha la meno ya mnyama wa porini ni jambo la kukimbiza hospitali siku hiyo hiyo kwa sababu ya hofu ya kichaa cha mbwa na maambukizi mengine.

Baada ya tukio la aina hiyo, mama, anayeadhibiwa ni tumbili. Wakazi watalalamika, mamlaka itatega mtego, na kwa kuwa kumhamishia mahali pengine mara nyingi hushindikana, ama kwa sababu anarudi ama kwa sababu kundi lenye eneo lile linampiga, mara nyingi huishia kuuawa. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo sababu nzito kuliko zote ya kuacha. Ukitaka kuwatendea mema, panda miti ya asili inayozaa matunda mwitu mbali na milango na madirisha, kisha watazame ukiwa ndani. Matunda yaliyoiva kupita kiasi yafukie, au uyaweke kwenye pipa la mboji lenye kifuniko.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwenyekiti wa kamati ya wakazi. Kanuni yetu ina sentensi moja tu: “Ni marufuku kulisha wanyamapori.” Tulimwita jirani ambaye kila jioni huacha sahani ya chakula cha paka barazani, akatujibu kwamba yeye halishi mnyamapori yeyote, nasi hatukuwa na la kumjibu. Tuandike vipi kanuni isiyo na mwanya? (Mwenyekiti)

JIBU: Ndugu Mwenyekiti, jirani yako amegusa udhaifu ulio katika kanuni nyingi za aina hii. Neno “kulisha” lisipofafanuliwa, kila mtu atalipima kwa nia yake mwenyewe, na nia ni kitu kigumu kuthibitisha. Kanuni nzuri hulifafanua kwa matendo na matokeo: kutoa, kurusha, kutawanya au kuweka chakula, na vilevile kuacha nje chakula, taka zinazoliwa, matunda yaliyodondoka au chakula cha mifugo kwa namna ambayo wanyamapori wanaweza kukifikia, baada ya mhusika kuarifiwa kwamba wanakifikia. Hayo maneno ya mwisho yana uzito. Yanampa mkazi asiyejua nafasi ya kujua, na yanamwondolea anayejua kisingizio cha kwamba hakukusudia. Sahani ya barazani inaingia moja kwa moja katika kifungu hicho.

“Mnyamapori” naye afafanuliwe. Msijaribu kuorodhesha kila aina, kwa kuwa orodha daima itasahau mmoja, na huyo aliyesahauliwa ndiye atakayeleta kesi. Semeni ni mnyama au ndege yeyote asiye wa kufugwa, anayeishi bila mwenyewe, kisha mtaje kwa majina wale wanaowasumbua zaidi ili msomaji wa kawaida aelewe mnazungumzia nini. Yatajeni pia yale msiyoyakataza: kulisha mifugo na wanyama wa nyumbani ndani ya uzio au kwa uangalizi wa mwenyewe, kazi ya watu wenye kibali cha kutibu wanyama waliojeruhiwa, utafiti ulioidhinishwa, kupanda miti na maua ambayo ndege na vipepeo hujilisha, na kama mtakubaliana, vyombo vya kulishia ndege kwa masharti tutakayoyaeleza hapa chini. Kanuni isiyotaja anayeruhusiwa huishia kumtia hatiani aliyepanda mti.

Kuhusu adhabu, hatua ya kwanza iwe taarifa ya maandishi inayotaja tarehe, mahali na kilichoonekana, pamoja na siku za kurekebisha. Faini ifuate pale tu taarifa ilipopuuzwa, na muandike mapema fedha hizo zitatumika wapi, na mkazi asiyeridhika atakata rufaa kwa nani. Epukeni kuwageuza majirani kuwa wapelelezi wanaopigana picha madirishani, kwani uhasama unaozaliwa hapo hudumu kuliko tatizo la tumbili. Na kabla hamjapiga kura, muombe ofisi ya sheria ya halmashauri iipitie rasimu, maana kanuni ya chama haiwezi kuruhusu kilichokatazwa na sheria ya nchi, wala kujipa mamlaka ya mahakama.

Kuna jambo moja ambalo kamati nyingi hulikwepa kwa sababu linawagharimu wao, nalo ni taka. Nendeni mkatazame mapipa ya pamoja saa moja kabla ya giza kuingia. Kama vifuniko vimevunjika, kama mifuko imerundikwa chini kwa sababu pipa limejaa, na kama mifuko hiyo hutolewa jioni wakati gari la taka hupita asubuhi, basi mlishaji mkubwa wa wanyamapori katika mtaa wenu ni kamati yenyewe. Kumtoza mjane faini kwa ajili ya ganda la tunda huku pipa la chama likiwa wazi usiku kucha ni uonevu, na hakuna mkazi atakayeiheshimu kanuni hiyo. Tungekuwa sisi, tungeanza na vifuniko vinavyojifunga kwa kitasa, tungebadilisha saa ya kutoa taka, na ndipo tungeandika kifungu cha kwanza cha kanuni.

Miji iliyofanikiwa iligusa chanzo cha chakula namna hiyo hiyo. Katika uwanja wa Trafalgar mjini London, biashara ya kuuza nafaka za kulishia njiwa iliondolewa kwanza, kisha katazo la kulisha likatungwa mwaka 2003. Mjini Venice, katazo la mwaka 2008 katika uwanja wa San Marco liliwagusa pia wauza nafaka waliokuwa wakifanya kazi hapo kwa miaka mingi. Nafaka isipouzwa, mgeni hana cha kutupa, na askari hana haja ya kumkimbiza kila mtu.

SWALI: Je, kuwalisha ndege nako kunakatazwa? Nina chombo cha mbegu nilichokitundika dirishani, na ndicho kinachompa mama yangu mgonjwa furaha yake ya kila siku. (Binti anayeuguza)

JIBU: Tunamwombea mama afya njema. Sehemu nyingi zinazokataza kulisha wanyamapori huwaruhusu wakazi kuwa na vyombo vya kulishia ndege, lakini nyingine haziruhusu, na Singapore ni mfano wa nchi ambayo katazo lake halikuwaacha ndege nje. Kwa hiyo jibu la kisheria ni kusoma kanuni ya mahali unapoishi, ukiangalia hasa iwapo inazungumzia njiwa na kunguru peke yao au ndege wote.

Iwapo inaruhusiwa, usafi wa chombo ndio jambo la kuhangaikia. Nchini Uingereza, tangu mwaka 2005, ugonjwa unaosababishwa na kijidudu kiitwacho Trichomonas umewaua chiriku wa kijani kwa wingi kiasi kwamba mwaka 2021 ndege huyo aliingizwa katika orodha nyekundu ya nchi hiyo, yaani ya ndege ambao hali yao inatia wasiwasi zaidi, wakati hapo awali alikuwa wa kawaida katika kila bustani. Kijidudu hicho hushambulia koo. Ndege mgonjwa huokota mbegu, hushindwa kuimeza, huitema ikiwa imelowa mate, kisha hubaki amekaa palepale kwenye ukingo wa chombo huku manyoya yamemvimba. Anayefuata huiokota mbegu ile ile. Porini ndege hao wangekuwa wametawanyika. Chombo chetu ndicho kinachowakusanya mdomo kwa mdomo. Nchini Marekani nako, ugonjwa wa macho uliogunduliwa mwaka 1994 ulienea miongoni mwa chiriku wa aina nyingine, na vyombo vya bustanini vilichangia kuueneza.

Basi kioshe chombo kila wiki kwa maji ya moto na sabuni, ukisuuze kwa dawa ya kuua vijidudu iliyochanganywa na maji, na ukiache kikauke kabisa kabla ya kukijaza tena. Weka mbegu za kuisha siku hiyo hiyo, kwa sababu zinazobaki usiku huita panya, na zinazolowa huota ukungu wenye sumu. Mkate usiwape, kwa kuwa hujaza tumbo bila kulilisha. Ukimwona ndege aliyevimba manyoya na asiyeruka unapomkaribia, ondoa chombo kwa wiki mbili au zaidi ili ndege watawanyike. Beseni la maji safi yanayobadilishwa kila siku litamletea mama ndege wengi karibu sawa na mbegu, na ndilo ambalo tungelipendelea.

SWALI: Jirani yangu ni mzee ninayemheshimu, lakini anatupia kunguru mabaki ya nyama juu ya paa lake, nao huyaangusha kwenye kisima changu. Naogopa kumshitaki. (Jirani mwenye kisima)

JIBU: Usianze na mashitaka. Nenda umsalimie, na siku nyingine umkaribishe aje akione kisima. Mwoneshe kipande chenyewe cha nyama kinachoelea, bila kumtajia kanuni yoyote. Wazee wengi huacha siku hiyo hiyo wanapoona kwa macho yao kwamba wema wao umeishia katika maji ya kunywa ya mtu. Asipoacha, mtume mtu wa rika lake azungumze naye. Malalamiko ya maandishi kwa ofisi ya afya yawe hatua ya mwisho, na katika barua hiyo taja uchafuzi wa maji zaidi ya ulishaji wa kunguru, kwa sababu kosa la kuchafua maji ni rahisi zaidi kuthibitishwa. Wakati huo wote, funika kisima.

SWALI: Je, paka wa mitaani ni wanyamapori? Tunawalisha ili tuwanase na kuwapeleka kufungwa uzazi. (Kikundi cha kujitolea)

JIBU: Kwa kawaida paka si mnyamapori kisheria, hata akiwa hana mwenyewe, na mara nyingi huwa na kanuni zake tofauti. Kinachowaingiza nyinyi matatani ni chakula chao. Sahani iliyoachwa usiku hufikiwa na paka kwanza, kisha panya, kisha nguchiro, fungo au mbweha, kutegemea mahali, na wote hao wakila karibu karibu wanaweza kugombana, kuumana na kuambukizana. Ombeni kibali cha maandishi cha halmashauri kinachotaja kazi yenu ya kuwafunga uzazi na kuwachanja. Wekeni chakula mchana, mahali pamoja, saa ile ile, na mtu mmoja abaki hapo hadi sahani ziondolewe baada ya nusu saa. Kikundi kinachofanya hivyo huwa na hoja madhubuti mbele ya kamati yoyote.

SWALI: Mtaani kwetu tumekuwa tukiwawekea kulungu na kima mahindi kwa miaka mingi. Sasa katazo limepita. Tukiacha ghafla, si watakufa njaa? (Katibu wa mtaa)

JIBU: Swali hili liliwahi kuwagawanya hata wataalamu. Katika hifadhi ya Yellowstone nchini Marekani, dubu walizoea kula majalalani na kuombaomba kando ya barabara, na kati ya mwaka 1931 na 1969 watu wapatao 48 kwa mwaka, kwa wastani, walijeruhiwa na dubu. Uongozi wa hifadhi ulipoamua kuyafunga majalala, ndugu wawili waliokuwa wamewatafiti dubu hao kwa miaka mingi, Frank na John Craighead, walishauri yafungwe polepole. Uongozi ukayafunga kwa haraka, jalala la mwisho likifungwa mwaka 1970. Dubu wengi waliosogea kwenye kambi na miji kutafuta walichokizoea waliuawa, na mwaka 1975 dubu aina ya grizi aliwekwa katika orodha ya wanyama walio hatarini. Hata hivyo, dubu waliozaliwa baadaye hawakujua majalala, na majeruhi miongoni mwa watu wamepungua hadi takriban mmoja kwa mwaka.

Kwenu hali si nzito kiasi hicho, kwa sababu kulungu na kima bado wana majani na matunda yao. Kulungu hasa watapata nafuu mkiacha, kwani tumbo la mnyama anayecheua limezoea majani, na mahindi mengi kwa mpigo huweza kulijaza tindikali na kumuua akiwa ameshiba. Punguzeni kiasi kila siku kwa muda wa wiki mbili au tatu, tena katika msimu ambao malisho ya porini ni tele, na msiache wakati wa ukame mkali. Mjiandae pia kwamba kima watakuwa wasumbufu zaidi kabla hawajatulia: watagonga mabati, watajaribu madirisha, na watawafuata wale waliokuwa wakibeba mahindi. Katika siku hizo, mkazi mmoja akishindwa kuvumilia na kuwapa, atakuwa amewafundisha kwamba fujo hulipa, na itabidi mtaa wote uanze upya. Kwa hiyo siku ya kuanza kupunguza itangazwe kwa kila nyumba, stoo ya mahindi ifungwe kwa kufuli, na mapipa ya taka yawe yamekwisha kupata vifuniko kabla ya siku hiyo.